MAJINA YA JENI ZA KINGA NA JINSI KOMPYUTA INAVYOYATAFUTA

Na mwanachama wa Kidato cha 3 Magharibi

Mwalimu mlezi wa chama chetu alituomba tuandike masomo ya sayansi kwa Kiswahili, kwa maana wapo wanaodai ati Kiswahili ni lugha ya soko na mashairi tu. Nimeuitikia mwito huo. Lakini niseme kweli, somo hili sikulichagua mimi. Lilikuja nyumbani kwetu likiwa ndani ya bahasha.

1. BAHASHA MBILI

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaugua figo. Mara mbili kwa wiki huenda kusafishwa damu kwa mashine, na siku hizo hurudi amechoka kama mtu aliyelima shamba zima peke yake. Mwaka huu mama alisema, "Mungu alinipa figo mbili. Moja nitampa kaka yangu." Basi akaenda kupimwa kama mwili wa mjomba utaweza kuipokea.

Majibu ya mjomba yalikuwa ya kitambo kidogo, na yalitoka maabara moja. Ya mama yalikuwa mapya, na yalitoka maabara nyingine. Jioni moja tulizitandaza karatasi zote mbili mezani tukazisoma wenyewe, kabla ya siku ya kumwona daktari. Mistari ya juu ilikuwa hivi:

Mjomba: A2, A30, B42, B70
Mama: A*02:01, A*30:01, B*42:01, B*15:03

Chini yake palikuwa na majina ya kundi la DR, nayo yalionekana kulingana. A2 na A*02:01, sawa. A30 na A*30:01, sawa. B42 na B*42:01, sawa. Lakini hebu niambie, msomaji, 70 na 15 zinalingana wapi? Mama alinyamaza. Jamaa mmoja aliyekuwapo, ambaye simtaji, akatupa neno: "Labda hawa si wa baba mmoja." Neno lile lilikaa nyumbani kwetu siku nne kama moshi wa kuni mbichi. Bibi aliposikia alilia.

Siku ya tano niliyanakili majina yale nikampelekea mwalimu wa Biolojia wakati wa mapumziko. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwalimu aliyatazama kwa muda, kisha akasema, "Keti. Umeniletea mambo ya kidato cha nne na ya mbele zaidi." Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo, kwake na kwenye kompyuta ya shule.

2. JENI ZA KINGA NI NINI?

Sisi wa kutwa tunalijua lango la shule vizuri. Bawabu hasomi vitambulisho kila asubuhi, yeye hutazama sare. Ukija na sweta la shule nyingine, atakusimamisha. Mwili nao una mabawabu wake, yaani chembe nyeupe za damu. Chembe hizi hutazama "sare" iliyo juu ya kila seli. Sare hiyo ni protini zinazoitwa HLA, na jeni zinazozitengeneza ziko kwenye kromosomu ya 6.

Kazi ya HLA ni kubeba vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli na kuvionyesha nje. Kama ndani ya seli kuna kirusi, vipande vyake huonyeshwa, mabawabu wakaviona na kuiua seli hiyo. Lakini figo ya mtu mwingine ikiingizwa mwilini, mabawabu huona sare ngeni, nao huishambulia. Ndiyo maana madaktari hupima HLA kabla ya kupandikiza.

Jeni hizi zina tofauti nyingi sana baina ya watu, kuliko karibu jeni zote nyingine tulizo nazo. Tofauti hizo zina faida. Kama sote tungekuwa na HLA moja, kirusi kimoja kijanja kingeweza kutumaliza sote. Kila aina ya jeni huitwa aleli, na kila mtu ana aleli mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni za HLA zimekaa karibu karibu, kwa hiyo kwa kawaida hurithiwa kwa fungu, si moja moja. Baba ana mafungu mawili, mama naye mawili, na mtoto huchukua moja kwa kila mmoja. Basi ndugu wawili wa baba na mama wamoja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa, nafasi 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutolingana hata kidogo. Chora jedwali ujionee.

Aliyeieleza kwanza HLA ya binadamu ni daktari Mfaransa, Jean Dausset, mwaka 1958. Hiyo aliyoigundua aliiita Mac. Leo tunaiita A2, ile ile iliyo kwenye karatasi ya mjomba. Mwaka 1980 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Baruj Benacerraf na George Snell. Angalia basi, hata ya kwanza kabisa ilianza safari yake kwa kubadilishwa jina!

3. VURUGU LA MAJINA

Kidato cha tatu tunasoma uainishaji wa viumbe. Tunajua kwamba samaki mmoja anaweza kuwa na jina moja Lamu na jingine Kisumu, na ndiyo maana wanasayansi wakakubaliana kumpa kila kiumbe jina moja la Kilatini. Shida ya HLA ilikuwa hiyo hiyo.

Zamani hawakuweza kusoma DNA. Walitumia seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, hasa ya wanawake waliozaa mara kadhaa, kwa sababu miili yao huwa imejifunza kuitambua HLA ya baba wa watoto. Kila maabara ilikuwa na seramu zake na majina yake. Mwaka 1964 wataalamu walikutana Durham, Marekani, ili kulinganisha njia zao za kupima, na majibu yao hayakupatana vizuri. Mwaka 1968 ikaundwa Kamati ya Majina ya HLA chini ya Shirika la Afya Duniani. Tangu hapo hakuna mtu anayejipachikia jina apendavyo. Jina rasmi hutolewa na kamati.

Hata hivyo, seramu ilikuwa kama macho ya mtu aliye mbali na barabara. Anaona matatu inapita, lakini namba yake haioni. Vipimo vilipozidi kuwa vikali, ikaonekana kwamba kile kilichoitwa B17 ni vitu viwili, vikaitwa B57 na B58. Kile kilichoitwa B70 nacho ni viwili, B71 na B72. Kisha DNA ikaanza kusomwa, na kila kimoja kati ya hivyo kikazaa vingine vingi.

4. JINSI YA KUSOMA JINA

Jina la leo linasomeka kama anwani, kutoka eneo kubwa hadi mlango wa nyumba. Chukua mfano huu:

HLA-A*24:02:01:02L

HLA ni ukoo wote wa jeni hizi.
A ni jeni yenyewe. Nyingine ni B, C, DRB1 na kadhalika.
Kinyota (*) kinatuambia kwamba kipimo kimefanywa kwa DNA, si kwa seramu.
24 ni kundi la aleli. Mara nyingi namba hii hufuata jina la zamani la seramu. Mara nyingi, lakini si mara zote! Tia neno hilo kibindoni, tutalihitaji.
02 ni protini mahususi. Aleli mbili zikitofautiana namba hii, protini zake ni tofauti.
01 inaonyesha tofauti ya herufi za DNA ambayo haibadilishi protini.
02 ya mwisho inaonyesha tofauti iliyo katika sehemu za jeni zisizotengeneza protini.
L ni alama ya tabia. L ina maana kwamba protini hiyo huonekana kwa uchache juu ya seli. Iko pia N, yenye maana kwamba protini haionekani kabisa, kama katika A*24:09N.

Usidharau herufi hiyo ya mwisho. Mtu mwenye A*24:09N ana jeni, lakini sare haionekani. Karani akiisahau N, atakuwa ameandika kwamba mtu amevaa sweta ambalo hana.

5. NAMBA ZILIPOJAA

Zamani nukta pacha (:) hazikuwapo. Jina liliandikwa B*1503, tarakimu mbili za kundi na mbili za protini. Waliopanga hivyo waliona kwamba nafasi 99 kwa kila kundi zingetosha. Kumbe! Makundi ya A*02 na B*15 yalijaa. Aleli ya 100 ingeandikwaje? Ukiandika B*15101, kompyuta itajuaje kama ni 15 na 101, au ni 15, 10 na 1?

Kamati ikatafuta njia ya mkato. Zilizozidi za B*15 zikapewa kundi jingine, B*95, na zilizozidi za A*02 zikapewa A*92. Ni kama shule iliyojaa rejista ya 3 Magharibi, ikawaandika wanafunzi waliobaki kwenye rejista nyingine inayoitwa 9 Magharibi. Mwalimu mgeni akija atadhani kuna kidato cha tisa.

Mwezi wa Aprili 2010 mambo yakarekebishwa. Nukta pacha zikaingizwa, ili kila sehemu ya jina iweze kukua bila kugusana na jirani yake. A*9201 ikawa A*02:101. B*9501 ikawa B*15:101. Hatua hiyo ilihitajika kwelikweli, kwa sababu leo aleli za HLA zenye majina rasmi ni zaidi ya 40,000.

6. KOMPYUTA INAVYOTAFUTA

Hakuna mtu awezaye kukariri majina 40,000. Hapo ndipo programu za kompyuta zinapoingia. Hifadhidata kubwa ya majina haya inaitwa IPD-IMGT/HLA. Ilifunguliwa mwaka 1998, na wanaojulikana zaidi kwa kuijenga ni Steven Marsh na James Robinson, wa taasisi ya Anthony Nolan iliyoko London.

Jina la taasisi hiyo lina kisa. Anthony Nolan alikuwa mtoto aliyezaliwa mwaka 1971 na ugonjwa wa kukosa kinga. Alihitaji kupandikizwa uboho wa mfupa kutoka kwa mtu anayelingana naye. Mama yake, Shirley, alianzisha daftari la watu walio tayari kutoa uboho, mwaka 1974, la kwanza la aina yake duniani. Anthony alifariki mwaka 1979 bila kumpata wa kulingana naye. Lakini daftari lilibaki, na wengine wamepona kwalo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama.

Sasa tuone kazi ambazo programu za hifadhidata hiyo hufanya.

(a) Kutafuta kwa jina. Ukiandika B*15 unapata orodha ndefu ya aleli zote za kundi hilo. Ukiandika B*15:03 orodha inapungua. Ukifungua aleli moja, unaona jina lake, majina yake ya zamani, siku ilipopewa jina na mpangilio wa herufi zake za DNA.

(b) Kutafuta kwa mpangilio. Pengine huna jina, una DNA tu. Unaiingiza, na programu inailinganisha na zote zilizomo, kisha inakuonyesha zile zinazofanana nayo zaidi. Ni kama kumtafuta mtu kwa alama za vidole badala ya jina.

(c) Kulinganisha. Programu hupanga aleli mbili au zaidi mstari juu ya mstari, na kuonyesha ni herufi gani tu zinazotofautiana.

(d) Kuomba jina. Mtafiti akiona aleli ambayo haimo, huituma kupitia programu. Ikikaguliwa na kuonekana ni mpya kweli, hupewa jina rasmi. Kama ilikwishapatikana na mtu mwingine, haipewi jina la pili.

(e) Kubadili majina ya zamani kuwa mapya, na kamusi inayoonyesha jina la seramu linalolingana na jina la DNA. Naam, wanachama, hata wao wana kamusi!

Kuna jambo moja lililonipendeza zaidi. Kila aleli ina jina na pia ina namba ya kudumu. Kwa mfano A*01:01:01:01 ina namba HLA00001. Jina linaweza kusahihishwa, namba haibadiliki. Sisi shuleni tuko hivyo hivyo. Katika darasa letu kuna wasichana wawili wenye jina moja kabisa, la kwanza hadi la mwisho, na mwalimu hutumia namba zao za kuandikishwa ili asimpe huyu alama za yule.

Nje ya hifadhidata hiyo kuna vyombo vingine. Kwa mfano, pengine kipimo hakiwezi kutofautisha aleli mbili, kikasema tu "ni A*02:01 au ni A*02:02". Daftari la watoaji uboho la Marekani hutumia herufi za ufupisho, na jibu hilo huandikwa A*02:AB. Programu ndiyo inayojua kwamba AB maana yake ni 01 au 02. Mwaka 2013 ukatangazwa mtindo wa kuandika majibu yote ya mtu katika mstari mmoja. Mkwaju (/) maana yake ni "au", alama ya kujumlisha (+) hutenga aleli ya fungu moja na ya fungu la pili. Kwa mfano: HLA-A*02:01/HLA-A*02:02+HLA-A*30:01. Mashine inausoma mstari huo bila kubahatisha.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu kompyuta ina mwendo lakini haina akili ya kukisia. Kwake, B70 na B*15:03 ni maneno mawili tofauti kama Wanjiru na Kiprono. Mwaka 1991, Adrian Hill na wenzake walitangaza utafiti wa nchini Gambia ulioonyesha kwamba watoto wenye aina fulani ya HLA walikingwa zaidi dhidi ya malaria kali. Katika utafiti huo aina hiyo iliitwa Bw53. Baadaye ikaandikwa B*5301, na leo ni B*53:01. Ukitafuta jina la leo peke yake, utaipita makala ile ya 1991 bila kuiona, na pengine utadhani jambo hilo halijachunguzwa. Lakini programu iliyofundishwa majina yote matatu italeta yote kwa pamoja.

7. KOSA LA JINA NI KOSA LA DAWA

Msomaji anaweza kusema, "Haya ni mambo ya Ulaya, mimi yananihusu nini?" Ngoja basi.

Iko dawa ya kupunguza nguvu za VVU inayoitwa abacavir. Watu wengi huitumia bila shida. Lakini mwaka 2002 iligunduliwa kwamba wenye aleli B*57:01 wako katika hatari ya kupata mzio mkali wa dawa hiyo, mzio ambao unaweza kuua. Mwaka 2008 utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba kupima aleli hiyo kabla ya kuanza dawa huzuia mzio huo.

Sasa tazama jina. B*57:01 huleta hatari. Aleli jirani yake, B*57:03, inayopatikana sana kwa Waafrika, haijaonekana kuleta hatari hiyo. Kwa seramu zote mbili huitwa B57, na zamani zaidi ziliitwa B17. Karatasi ikisema "B57" tu, daktari hawezi kujua. Tofauti yote iko katika tarakimu moja ya mwisho, 1 au 3.

Tena kuna Kenya ndani yake. Makala ya kitaalamu ya mwaka 2010 ilieleza jinsi aleli B*57:01 inavyotofautiana baina ya watu wa Afrika. Ilionekana kwa asilimia 13.6 katika sampuli ya Wamaasai wa Kenya, asilimia 3.3 katika sampuli ya Waluhya, na asilimia 0 katika sampuli ya Wayoruba wa Nigeria. Kwa hiyo anayesema "Waafrika hawana aleli hii" hajatufikia. Afrika si kijiji kimoja, na Kenya yenyewe si kijiji kimoja. Iko hifadhidata nyingine ya kuhesabu ni watu gani wana aleli gani na kwa kiasi gani, na humo Waluo na Wanandi wa Kenya wamo. Nililiona kabila langu halimo, nikatamani siku moja niwe miongoni mwa watakaoliingiza.

Tahadhari: mtu anayemeza dawa asiiache kwa sababu ya makala ya mwanafunzi. Aulize daktari wake.

8. TURUDI MEZANI

Sasa unaweza kukisia mwalimu alinionyesha nini. Tulikaa mbele ya kompyuta, tukafungua ile kamusi ya HLA na kutafuta B*15:03. Jibu likatokea: kwa seramu, B*15:03 ni B72. Na B72, kama nilivyoeleza katika sehemu ya 3, ni mtoto wa B70. Yaani kundi la B*15 ni moja ya yale yasiyofuata namba ya zamani! Ndilo neno nililokuomba utie kibindoni. Karatasi ya mjomba ilitumia jina la zamani, ya mama ilitumia jipya. 70 na 15 zilikuwa zinaweza kuwa kitu kimoja.

Nilitaka kukimbia nyumbani saa hiyo hiyo. Mwalimu akanizuia. "Usikimbie na nusu ya jibu," akasema. "B70 ya mjomba wako inaweza kuwa B*15:03, lakini inaweza pia kuwa B*15:10, ambayo kwa seramu ni B71. Kompyuta imekuonyesha kwamba karatasi hizi hazipingani. Haijakuonyesha kwamba zinalingana. Hiyo ni kazi ya maabara na daktari."

Nilimweleza mama hivyo hivyo, bila kuongeza chumvi. Siku ya miadi ilipofika alimuuliza daktari, naye akasema ni kweli, na kwamba alikuwa amekwisha kupanga mjomba apimwe upya kwa DNA. Tulisubiri. Karatasi mpya ilipokuja ilisema: A*02:01, A*30:01, B*42:01, B*15:03.

Mama aliisoma mara mbili. Hakumpigia simu yule jamaa, wala hakusema neno juu yake. Alimpelekea bibi karatasi akamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, ingawa bibi hajui kusoma. Kisha akaziweka karatasi zote katika bahasha moja.

Kazi haijaisha. Vipo vipimo vingine, kama cha kuchanganya damu ya mpokeaji na chembe za mtoaji kuona kama zitagombana, na afya ya mama mwenyewe lazima ichunguzwe. Ninapoandika haya bado tunangoja. Lakini tunangoja pamoja.

Nililojifunza ni hili. Jina ni kamba inayomfunga mgonjwa na msaada wake. Kamba ikikatika, msaada unaweza kuwa mezani pale pale na usionekane. Wanaotunga programu za kuyapanga majina haya hawaonekani wodini, lakini wanaishika kamba hiyo. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mimi naongeza kwamba jina jema sharti pia liandikwe sawasawa, na historia yake isitupwe.

MSAMIATI

Aleli: aina moja ya jeni kati ya aina kadhaa.
Hifadhidata: hazina ya habari iliyopangwa katika kompyuta.
Mzio: hali ya mwili kuikataa dawa, chakula au kitu kingine kwa ukali.
Nukta pacha: alama hii (:).
Seramu: maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda.
Uboho: kitu laini kilicho ndani ya mfupa, kinachotengeneza damu.

ZOEZI

1. Eleza kila sehemu ya jina HLA-A*24:09N. Herufi ya mwisho inatuonya nini?
2. Kwa nini B*9501 ilibadilishwa jina mwaka 2010, na sasa inaitwaje?
3. Baba ana mafungu P na Q, mama ana R na S. Andika mafungu ya watoto wote wanaoweza kuzaliwa. Ni wangapi kati ya 4 watalingana kabisa na mtoto mwenye PR?
4. Karatasi ya mgonjwa inasema "B57". Je, daktari anaweza kujua kwa karatasi hiyo kama abacavir ni hatari kwake? Toa sababu.
5. Mjadala wa chama: "Namba ya kudumu ni bora kuliko jina." Unga mkono au pinga.

Majibu ya swali la 1 hadi la 4 yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao. La 5 tutalijadili sote.